Kuchagua stabilaiza nene zaidi kwa gari lako: mwongozo kwa madereva wa Malindi

Malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika gereji za Malindi ni kwamba gari linalala sana kwenye kona. Mwenye gari huyatoa akiwa ametoka Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, au akiwa amepita Gede na karia iliyojaa mizigo, na mara nyingi anapofika kwa fundi huwa ameshaamua dawa yake: anataka stabilaiza nene kuliko zote zinazopatikana. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu huyo, kabla hajatoa pesa yake. Stabilaiza haiumbi mshiko mpya wa matairi. Kazi yake kubwa ni kuugawa upya mshiko uliopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na anayenunua bila kujua ni ekseli gani anayoinyima na ipi anayoipa anaweza kurudi nyumbani na gari lililosimama wima kwenye kona lakini lenye hatari kubwa kuliko lile aliloondoka nalo.

Kifaa chenyewe ni ufito wa chuma cha springi uliokunjwa mfano wa herufi U iliyopanuka. Sehemu ya kati imelala kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili na imeshikwa kwenye fremu kwa bushi mbili, yaani vipande vya raba vinavyoukumbatia ufito. Ncha zake, ambazo hapa nitaziita mikono, zimeungwa na mguu wa kulia na wa kushoto, yaani vyuma vinavyobeba gurudumu la kila upande, kwa linki, vijiti vifupi vya kuunganisha. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, kama yanavyofanya gari linapovuka tuta likiwa limenyooka, ufito mzima huzunguka ndani ya bushi zake bila kupinga chochote. Gurudumu moja likipanda na mwenziwe akabaki chini, kama inavyotokea kwenye kona au upande mmoja unapoingia shimoni, ufito husokoteka, na ukaidi wake wa kusokoteka ndio unaozuia bodi isilale. Tofauti hii baina ya tuta na shimo tuiweke akilini, kwa maana itaamua mengi tutakapofika kwenye uchaguzi.

Hatua ya kwanza: ondoa ubovu kabla ya kuongeza unene

Gari lililochakaa hulala kwa sababu ya uchakavu wake, na stabilaiza mpya juu ya uchakavu huo ni pesa iliyotupwa. Anza na upepo wa matairi, upimwe asubuhi yakiwa baridi na kulinganishwa na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisha tazama shokamzoba kama zinavuja mafuta, springi kama zimekatika ncha, na bushi za ami, vyuma vinavyoshikilia gurudumu kwenye fremu, kama raba yake imepasuka. Ukiwa na mazoea ya kufunga magunia juu ya karia, lishushe kwanza shehena hilo na uendeshe siku mbili bila ya kitu juu. Uzani uliopandishwa juu ya paa hulaza gari lolote, na wapo waliogundua kwamba hawakuhitaji kununua kitu.

Linki zinastahili ukaguzi wa pekee kwa sababu ndizo zinazokufa mapema zaidi katika barabara zetu. Dalili yake ni mlio wa kugonga unaosikika gari likipita pole pole juu ya vishimo vidogo. Watu wengi huinua gurudumu moja kwa jeki na kuitikisa linki, kisha wakasema ni nzima. Kuinua upande mmoja husokota stabilaiza na kuivuta linki ikakaza, hata uchezaji wake usionekane. Inua magurudumu yote mawili ya ekseli ile, gari likae juu ya stendi madhubuti zilizo kwenye sakafu ngumu na si juu ya mchanga, ndipo uitikise. Nimeona gari likirudia hali yake ya upya kwa linki mbili na bushi mbili tu, na sioni sababu ya mtu kuruka hatua hii.

Hatua ya pili: tambua ekseli inayoachia kwanza

Gari likipinda, uzani huhama kutoka magurudumu ya ndani ya kona kwenda ya nje. Kiasi cha jumla kinachohama huamuliwa na uzito wa gari, kimo cha kitovu cha uzito, upana baina ya magurudumu, na ukali wa kona pamoja na mwendo. Stabilaiza haiwezi kukipunguza kwa kadiri ya maana. Inachoamua ni ekseli ipi ibebe sehemu kubwa ya uhamisho huo. Na kwa kuwa tairi likibebeshwa uzani mara mbili halipati mshiko mara mbili, bali pungufu ya hapo, ekseli ambayo tairi lake la nje limelemewa na la ndani limeachwa jepesi hupoteza sehemu ya mshiko wake wa jumla. Ukikaza stabilaiza ya mbele, mbele ndiyo itakayoachia mapema. Ukikaza ya nyuma, nyuma ndiyo itakayotoka. Ni kweli kwamba bodi isiyolala sana huyaacha matairi yakae bapa zaidi barabarani, na hilo huongeza mshiko kidogo, lakini faida hiyo ni ndogo kuliko athari ya ugawaji.

Kwa hiyo uliza gari lako linafanya nini. Likikataa kona, yaani unazidisha usukani na pua bado inaelekea nje, mbele inaachia kwanza. Hivyo ndivyo yalivyo magari mengi madogo yanayovutwa kwa magurudumu ya mbele, na watengenezaji huyafanya hivyo kwa makusudi kwa sababu dereva wa kawaida akishtuka huondoa mguu kwenye mafuta, na gari la namna hiyo hurudi njiani lenyewe. Mkia ukitoka, na ukalazimika kurudisha usukani upande wa pili ili gari lisijizungushe, nyuma ndiyo dhaifu. Uchunguzi huu ufanye kwa mwendo wa wastani kwenye uwanja mpana ulio wazi, kwa idhini ya mwenyewe, na kamwe si kwenye barabara ya Mombasa ambako bodaboda anaweza kutokeza wakati wowote.

Nilipata somo la hatua hii kwa gari langu mwenyewe, saluni ndogo ya kuvutwa na magurudumu ya mbele. Nilifunga stabilaiza ya nyuma iliyozidi ya awali kwa milimita 6, bila kugusa ya mbele, na kwa miezi ya kaskazi, barabara ikiwa kavu, nililifurahia sana, kwa maana liliingia kona kwa utiifu ambao sikuwahi kuujua. Mvua za kwanza za masika ziliponyesha, lami ikiwa bado ina vumbi na mafuta ya miezi yote ile, niliondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona moja upande wa Gede na mkia ukatoka mara moja. Gari lilivuka hadi upande wa pili wa barabara kabla sijalidhibiti. Hakukuwa na gari lililokuwa likija, alhamdulillahi. Wiki ile ile nilifunga nyingine iliyozidi ya awali kwa milimita 2 tu, na hiyo ndiyo iliyopo mpaka leo.

Hatua ya tatu: pima, kisha piga hesabu

Usiagize kitu kabla ya kujua unene wa ufito ulio nao. Ingia chini ya gari na kalipa, kifaa cha kupimia unene, safisha sehemu iliyonyooka ya kati mpaka kutu na tope viondoke, na upime kipenyo mahali pawili au patatu. Andika pia kama ufito ni mzima au una uwazi ndani.

Sababu ya kupima kwa uangalifu ni kwamba ugumu wa ufito dhidi ya msokoto huongezeka kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Ukitoka milimita 20 kwenda 22, jicho halioni tofauti, lakini ugumu umeongezeka kwa asilimia 46. Kutoka 20 kwenda 24 ugumu umepita maradufu, na kutoka 20 kwenda 26 umekaribia mara tatu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba milimita mbili ni badiliko kubwa, na kwamba anayerukia sita amebadilisha tabia nzima ya gari.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini ufito wenye uwazi ndani haupaswi kudharauliwa. Chuma cha katikati huchangia kidogo sana katika kupinga msokoto. Ufito wa milimita 24 kwa nje wenye tundu la milimita 16 unabaki na asilimia 80 ya ugumu wa ufito mzima wa unene huo, na uzito wake umeshuka kwa asilimia 44. Kwa anayeendesha kila siku uzito huo si jambo kubwa, ila akumbuke kwamba ufito wenye uwazi ukianza kuliwa na kutu kwa ndani hakuna atakayeona mpaka ukatike, na katika mji wa pwani mimi huchagua ufito mzima.

Jihadhari na muuzaji anayekwambia kwamba ufito wake ni mgumu zaidi kwa sababu umetengenezwa kwa chuma maalumu. Aina za chuma hutofautiana sana kwa nguvu, yaani kwa kiasi cha msokoto zinachoweza kuvumilia kabla ya kupinda moja kwa moja au kukatika, lakini ukaidi wao dhidi ya msokoto mdogo ni karibu sawasawa. Fito mbili zenye umbo moja na kipenyo kimoja zitakuwa na ugumu ule ule kwa hesabu zote za dereva. Chuma bora kinanunua maisha marefu. Ugumu unatoka kwenye kipenyo na kwenye urefu wa mikono.

Urefu wa mikono una hesabu yake. Baadhi ya stabilaiza za kuuzwa huwa na matundu mawili au matatu kwenye kila mkono ili linki ifungwe mbali au karibu. Mkono mfupi hufanya gari liwe gumu zaidi, na kwa kiwango kinachozidi kile ambacho wengi wanatarajia: ukihamisha linki kutoka sentimita 25 hadi 22.5, ugumu unaofika kwenye gurudumu unaongezeka kwa asilimia 23 hivi. Kwa anayenunua kwa mara ya kwanza, stabilaiza ya matundu ndiyo ninayoipendekeza, hata ikiwa bei yake imezidi kidogo, kwa sababu inampa nafasi ya kusahihisha kosa bila kununua tena.

Hatua ya nne: chagua kwa gari lako na kwa njia zako

Kwa gari dogo la kuvutwa mbele linalokataa kona, ongeza nyuma peke yake, kwa milimita 2 au 3. Kuongeza mbele kutalisimamisha wima, lakini tairi la ndani la mbele litabaki jepesi na kuzunguka bure ukikanyaga mafuta kutoka kwenye kona. Kwa gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma lenye ekseli nzima, kama pikapu na magari mengi ya mizigo, mambo hugeuka, na stabilaiza ya mbele ndiyo ya kutazamwa kwanza. Gari refu la abiria, lenye kitovu cha uzito kilicho juu, naliongezea kidogo mbele na kidogo nyuma kwa uwiano ule ule wa awali, ili tabia aliyoipa mtengenezaji ibaki.

Yapo magari ambayo hayafuati njia hii. Toyota Fielder ya magurudumu mawili ya kuvuta ina boriti la nyuma ambalo lenyewe husokoteka na kufanya kazi ya stabilaiza; kwa gari kama hilo hakuna ufito wa kubadilisha, ila kuna wa kuongezwa unaofungwa kwa bolti kwenye boriti. Baadhi ya Prado za toleo la 150 zina mfumo wa KDSS, ambao huendesha stabilaiza ya mbele na ya nyuma kwa shinikizo la mafuta, na hizo sishauri ziguswe. Usinunue kwa jina la gari pekee. Nakili nambari ya modeli kutoka kwenye kibati cha gari, kwa maana gari moja la jina moja na mwaka mmoja laweza kuwa na miguu ya nyuma tofauti kwa toleo la magurudumu mawili na la manne.

Sasa turudi kwenye tuta na shimo. Mtu anayeishi mjini na kusafiri kwa lami hukutana na matuta mengi, na matuta hayo, yakivukwa kwa unyoofu, hayamsumbui hata stabilaiza yake ikiwa nene. Anayeingia Marafa kila wiki kwa barabara ya vumbi, au anayekata njia za ndani kuelekea Tsavo Mashariki, hukutana na mashimo ya upande mmoja, na kila shimo analopiga gurudumu la kushoto hupelekwa na stabilaiza nene hadi kwenye gurudumu la kulia. Gari huanza kutupa vichwa vya abiria huku na huku, na matairi hupoteza mawasiliano na ardhi pale pale ambapo yanahitajika. Kwenye mchanga mzito au njia iliyochimbika, gurudumu linalozuiwa lisishuke huning'inia na kuzunguka bure. Kwa sababu hiyo hiyo baadhi ya Nissan Patrol za Y61 zilitengenezwa na uwezo wa kuachilia stabilaiza ya nyuma kabla ya kuingia njia mbaya. Ikiwa zaidi ya nusu ya mwendo wako ni barabara za namna hiyo, ushauri wangu ni kubaki na stabilaiza ya awali na kuweka pesa yako kwenye shokamzoba nzuri.

Hatua ya tano: bushi, linki na vishikizo

Stabilaiza ikiongezwa unene, bushi za zamani hazifai tena, kwa kuwa tundu lake lazima lilingane na kipenyo kipya. Usikubali fundi aipanue bushi kwa kisu. Za raba ni tulivu na hazihitaji kuangaliwa. Za poliyurethani hazibonyei sana, kwa hiyo ufito huanza kazi mapema zaidi usukani unapozungushwa, lakini zikikauka hulia. Zipakwe grisi ya silikoni kabla ya kufungwa, na zirudiwe kila zinapoanza kulia. Grisi ya kawaida ya petroli iepushwe na raba kwa sababu huilainisha na kuiharibu.

Linki hubeba nguvu yote inayopita baina ya ufito na mguu, na zile dhaifu za awali huweza kuvunjika chini ya ufito mnene. Nunua zilizo imara, na ikiwa gari limeshushwa au kuinuliwa, nunua zinazorekebishika urefu. Vishikizo vinavyobana bushi kwenye fremu navyo vikaguliwe. Bati jembamba lililoliwa na kutu litapasuka mahali pa bolti.

Hatua ya sita: ukinunua iliyotumika

Stabilaiza zilizotumika kutoka Japani zinapatikana katika maduka ya spea, na mara nyingi ile ya toleo la kasi la gari lako hukaa bila kubadilisha chochote isipokuwa bushi. Ni njia nzuri na ya bei nafuu, mradi uikague. Ufito wa springi hufa kwa ufa mdogo unaoanzia kwenye kutu, hasa kwenye kunjo na chini ya bushi ambako mchanga na chumvi hujikusanya. Usugue kwa brashi ya waya, upake mafuta ya taa, uyaache kwa dakika kadhaa, ufute mpaka ukauke, kisha upake chaki. Penye ufa, mafuta yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki.

Ufito uliochomelewa usiuchukue hata ukipewa bure, na wako usikubali upashwe moto ili upindwe ukae vizuri. Chuma hiki kilipata unyumbufu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa mchomeleaji huufuta unyumbufu huo mahali ulipogusa, na hapo ndipo patakapokatika.

Kabla ya kuufunga, paka rangi nzuri sehemu zote zilizo wazi. Upepo wa bahari hapa kwetu unafika mbali kuliko macho yanavyoona maji, na anayeegesha karibu na ufuo anapaswa kuosha chini ya gari kwa maji baridi ya mfereji mara kwa mara.

Hatua ya saba: kufunga

Ya nyuma kwa kawaida ni kazi ya saa chache. Ya mbele katika magari mengi hudai fremu ndogo ya injini ishushwe, na hiyo mwachie fundi mwenye vifaa. Bolti zote zishikwe kwanza bila kukazwa. Kisha gari lishushwe likae juu ya magurudumu yake kwenye sakafu iliyo sawa, lisukumwe juu na chini mara chache litulie, ndipo bolti zikazwe kwa spana ya kipimo kufuata kitabu cha gari. Bushi ya raba iliyokazwa miguu ikiwa inaning'inia hubaki imesokoteka maisha yake yote na huchanika mapema. Ukiwa na linki za kurekebisha, weka urefu wake hivi kwamba bolti ya pili inaingia kwa mkono bila kuvutwa. Ikilazimishwa, ufito umeshasokoteka gari likiwa limesimama, na gari litakata kona ya kulia tofauti na ya kushoto.

Hatua ya nane: majaribio

Anza na tundu lililo mbali zaidi, yaani laini kuliko yote, pande zote mbili sawa. Endesha siku kadhaa kwa upepo ule ule wa matairi, kwanza barabara ikiwa kavu, kisha ukisubiri mvua uone mkia unavyofanya kwa mwendo mdogo. Badilisha tundu moja tu kwa wakati mmoja, na usiguse kitu kingine siku hiyo. Ukiona gari linayumba upande kwa upande kwenye mashimo, tairi la ndani linazunguka bure, au nyuma inakuwa nyepesi kwenye maji, rudi tundu moja, na kama uko kwenye la mwisho, rudi kwenye ufito mwembamba zaidi. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia utelezi, kama gari linao, usiutegemee kuficha kosa la uchaguzi, kwa sababu ulipimwa kwa stabilaiza za awali.

Baada ya kilomita 100 hivi kaza tena bolti zote na usikilize kama kuna mlio. Ile stabilaiza ya zamani isafishe, ipake grisi, ifunge kwa gunia na uitundike mahali pakavu pamoja na bushi zake, kwa maana mnunuzi wa gari lako anaweza kuihitaji, na wewe pia unaweza kuihitaji kabla yake.